RISASI GANI INAMWANGUSHA NYATI?
(Mazungumzo ya Katibu kwa wanaushirika)



Nyati wanatumalizia mahindi, na vijana wanasema tuwatandike kwa magobore. Sisi tunasema: ngojeni kwanza, tuelewane.

Nyati dume hufikia kilo 800. Ngozi yake nene, mbavu zake pana, na moyo umekaa chini, usawa wa miguu ya mbele. Risasi haiui kwa kishindo. Inaua kwa kufika ndani, kwenye moyo au mapafu.

Sasa tazameni. Vyuma vya gobore huishiwa nguvu kwenye nyama ya juu. Risasi ya ncha laini hutanuka kama uyoga. Kwa swala inafaa, lakini kwa nyati ikitanuka mapema inakomea begani. Risasi ngumu haipondeki, hupenya moja kwa moja. Bunduki ya 375, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912, hurusha risasi ya gramu 19 hivi, na mpaka leo wawindaji wa nyati wanaitumia.

Na hata hiyo ikipiga tumbo, kazi bure. Nyati mwenye jeraha hujificha kichakani. Atakayemkuta ni nani? Ni mama aliyekwenda kuni, ni mtoto wa shule.

Kwa hiyo, ndugu zetu, gobore libaki nyumbani. Tulinde mashamba kwa zamu, kwa madebe na moto, na Bwana Nyama tumwite mapema. Mahindi hupandwa tena, mtu hapandwi.



Katibu