Ralanti ya Land Cruiser yetu: maneno tuliyosema mbele ya wanachama



Tumeombwa tueleze kwa nini motokari ya chama ilikaa majuma matatu chini ya mwembe, na kwa nini hatukununua pompi mpya. Kazi yake munaijua: mbegu na majembe upande wa Nyunzu na Bendera, na usiku kubeba mama mwenye uchungu mpaka hospitali. Motere inayozimika kila shofere akiachilia aksereta haiwezi kubeba mama.

Ni Land Cruiser ya mazutu, motere ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Haina kompyuta, na kwa barabara zetu hiyo ni baraka. Ralanti yake inatakiwa kukaa kati ya mizunguko 600 na 700 kwa dakika. Yetu ilikuwa inapanda, inashuka, inapanda tena kama mtu mwenye pumu, kisha kimya. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kuwaka ni shida.

Garaji moja ya mjini ilikata shauri palepale: pompi imekufa. Bei yake ilipita michango yetu ya mwaka mzima. Fundi mwingine akataka kukaza vise ya ralanti tu. Ile vise inapandisha mizunguko, ndiyo, lakini ugonjwa unabaki ndani. Na hapa hapa mkutanoni kukasemwa neno zito: eti shofere anauza mazutu na kujazia maji.

Basi tulianza na sauti. Kama enjekteri moja ndiyo mbovu, motere inachechemea kwa pigo lile lile, bila kubadilika. Kupanda na kushuka kunaonyesha zaidi kwamba chakula hakifiki sawasawa, ao hewa inaingia. Kwa hiyo pompi na enjekteri tuliziacha kwanza. (Kuna mafundi wanaolegeza nati za tiyo za enjekteri moja moja, motere ikiwaka. Njia ni nzuri, lakini musisogeze mkono: ile presha inapenya ngozi.)

Tukachukua bidoni safi ya mazutu, tukaipandisha karibu na motere, tukavuta kutoka humo moja kwa moja mpaka kwenye filtre, na tiyo ya kurudisha tukaiingiza humo humo. Tukapampu kwa mkono juu ya filtre, tukawasha. Ralanti ikatulia. Haikutikisika hata kidogo. Hapo pompi ikapata haki yake: ubovu ulikuwa nyuma, kati ya tanki na filtre.

Kisha tukarudisha tiyo ya tanki, na kati yake na filtre tukaweka kipande cha tiyo ya plastiki inayoonyesha ndani. Mapovu yakapita mbele ya macho ya wote. Chini ya motokari tukakuta tiyo ya mpira imesuguana na shasi mpaka ikapasuka. Watu wakauliza: mbona haikudondosha mazutu? Kwa motere hii mazutu yanavutwa, hayasukumwi. Pale penye ufa hewa inaingia, mazutu hayatoki. Na gari likilala, mazutu yanarudi tankini polepole; ndiyo ile shida ya asubuhi.

Sasa lile neno la maji. Chini ya filtre kuna kifungulio. Tulipokifungua, maji kidogo yalitoka. Lakini mweka hazina alikuwa amejaza chupa ya kioo kwa muuzaji, kabla mazutu hayajaguswa na shofere. Ililala usiku mmoja, na asubuhi mstari wa maji ulikuwa chini, kwani mazutu ni mepesi kuliko maji. Maji yalitoka sokoni. Shofere hakuiba, na waliosema vile wako hapa wanatusikia.

Tulibadilisha tiyo, kolye 2 na filtre, basi. Tangu pale imekwenda Bendera mara mbili na kurudi bila kuzimika.

Kuanzia sasa kila bidoni itaonjwa kwa chupa mbele ya mweka hazina, tanki litajazwa jioni ili mvuke usigeuke maji ndani, na filtre itamwagwa maji kila juma. Jumamosi saa tatu asubuhi tutafungua boneti mbele ya ofisi. Vijana wanaotaka kujifunza waje na nguo za kazi.