Kabla ya Kushusha Giaboksi: Upimaji wa Magari ya Zamani ya Otomatiki katika Barabara za Nanganga, Ruangwa na Nachingwea

Hoja ya mada hii ni moja: giaboksi ya otomatiki isishushwe mpaka vipimo vinavyofanyika ikiwa bado kwenye gari vimethibitisha kwamba ugonjwa umo ndani yake. Kwa fundi wa Nanganga, panapochepuka njia ya Ruangwa na Nachingwea kutoka barabara ya Lindi na Masasi, hoja hii ina uzito kuliko kwa fundi wa Dar es Salaam. Kule giaboksi ya mtumba iko mtaa wa pili, na isipofaa inarudishwa jioni hiyo hiyo. Huku inasafirishwa kilomita zaidi ya 500, hakuna anayejua ilitoka kwenye gari la namna gani, na mara nyingi mwenye gari anailipia kwa fedha ya korosho ambayo hataiona tena mpaka msimu ujao. Fundi anayetamka kwamba giaboksi imekufa kwa kusikiliza tu anacheza na fedha ya mtu.

Kipimo cha kwanza ni oili, nacho hukosewa kwa sababu kinaonekana rahisi. Katika Prado za 90, Hilux Surf na Land Cruiser za 80, magari ya Toyota ya miaka ya 1990 ambayo bado yanafanya kazi ngumu vijijini, oili ya giaboksi hupimwa injini ikiwa inawaka na imepata moto, gari likiwa sehemu tambarare, baada ya kupitisha gia zote polepole na kurudi P. Ukipima injini ikiwa imezimwa, oili iliyokuwa juu inakuwa imeshuka kwenye sampo, kijiti kinaonyesha imejaa, kumbe gari likiwaka pampu inavuta hewa na gia zinateleza. Halafu tazama rangi. Nyekundu ni nzuri. Kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua inasema sahani za klachi zimeungua. Rangi ya maziwa inasema maji yameingia, na hapo swali ni yameingilia wapi: kwenye rejeta, ambamo oili hupozwa na ukuta wa ndani ukitoboka huchanganyika na maji, au kwenye kipumulio baada ya gari kuzama mtoni. Anayefunga giaboksi nyingine bila kujibu swali hilo, kisha akaiunganisha na rejeta ile ile, ameiambukiza ya pili ugonjwa wa kwanza.

Baada ya oili, kabla ya kuilaumu giaboksi, fuata nguvu inakoelekea. Malalamiko ya kawaida ni kwamba gari linapiga resi lakini haliendi. Kwanza hakikisha mkono wa transfa haujakaa N. Kisha, kwa gari linaloendesha magurudumu yote manne muda wote, funga difu ya katikati na ujaribu tena. Likiondoka, giaboksi ni nzima. Difu hiyo ikiwa wazi hupeleka mzunguko upande usio na kizuizi, kwa hiyo meno ya habu yakiliwa, ekseli ikikatika au propela ikiachia mbele au nyuma, nguvu yote inaishia hapo na gari linasimama kama lililokosa gia kabisa. Kipimo hiki ni cha dakika moja na hakihitaji hata spana, lakini kinaweza kuokoa kazi ya siku mbili.

Sehemu ya umeme ndiyo inayoogopwa zaidi, na sioni sababu. Taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe gari likiwa njiani, kompyuta imeshika kosa. Unganisha TE1 na E1 kwenye soketi ya vipimo kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, swichi ya O/D ikiwa imewashwa, uhesabu mipepeso. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo sawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Minne, kisha miwili, ni 42, sensa ya mwendo namba moja. 61 ni sensa namba mbili. 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia. Namba hizo zinataja njia nzima ya umeme, siyo kifaa peke yake, kwa hiyo pima waya na soketi kwanza: vumbi, panya na matope huanzia hapo. Kisha chomoa soketi ya solenoidi na uendeshe gari. Katika giaboksi za familia ya A340, kompyuta ikiwa imetengwa, L hutoa gia ya kwanza, 2 hutoa ya tatu, na D hutoa ya nne. Gia hizo zikishika sawasawa, tafuta kosa kwenye umeme. Zikiteleza au zikikosekana, sasa una haki ya kuishuku giaboksi yenyewe. Sijui kipimo kingine kinachogawa tatizo katikati kwa usafi kama hiki.

Hapo tu ndipo panapofaa vipimo vya presha na klachi. Injini ikiwa ya moto, toa N kwenda D na uhesabu mpaka uhisi mshtuko: Toyota wanataka isizidi sekunde 1.2, na kwa R isizidi 1.5. D ikichelewa peke yake, shuku klachi ya mbele. Zikichelewa zote mbili, shuku presha. Mwisho ni kipimo cha kukaba: magurudumu yakiwa na vizuizi na breki zote zimekazwa, mafuta yakanyagwe mpaka mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5 na mizunguko isomwe. Ikiwa chini sana kwa D na R, huenda injini ndiyo dhaifu, au tokikonveta. Ikiwa juu kupita kiasi, kuna kinachoteleza.

Kuna wanaosema kipimo cha kukaba kinaua giaboksi. Ni kweli kikirudiwa rudiwa au kikizidishwa muda, maana oili huchemka ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana nimekiweka mwisho, na kwa gari ambalo oili yake imeshanuka kuungua sikipendekezi kabisa. Wengine wanasema mteja ana haraka, magunia ya korosho yanamsubiri. Lakini vipimo vyote hivi vinaisha kwa asubuhi moja, ilhali giaboksi kutoka Dar es Salaam inakula siku kadhaa hata kabla haijafungwa. Kwa anayetaka kujaribu oili mpya kabla ya kushusha giaboksi, pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba kubadilisha oili ya giaboksi iliyochakaa kunaimalizia. Mara nyingine gari hukataa kweli baada ya oili mpya, lakini klachi iliyofika hapo ilikuwa imekwisha kabla. Ndiyo sababu sampo ifunguliwe na sumaku zake zitazamwe pamoja na mwenye gari: unga mwembamba wa chuma ni uchakavu wa kawaida, vipande na mabaki ya sahani ni hukumu. Hapo giaboksi ishushwe, na kabla nyingine haijapanda, mabomba na kipozeo visafishwe au vibadilishwe, kwa kuwa uchafu wa ile ya kwanza bado umo humo.