Riwaya ya Vita na Mchapishaji Wake

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Mmenitaka nizungumze juu ya taabu ya kumpata mchapishaji wa riwaya inayohusu vita. Husemwa kwamba wachapishaji hawapendi vita. Mimi siafiki. Taifa lililoshinda hutamani sana riwaya ya vita. Ila hutaka vita vya gwaride, na mwandishi aliyekuwako huja na vita vingine. Nitaeleza mkasa wa mtu mmoja tu, Vasily Grossman wa Urusi ya Kisovieti.

Grossman alikuwa mwandishi wa gazeti kama mimi, isipokuwa yeye habari zake alizipata chini ya mizinga. Aliliandikia gazeti la jeshi, Nyota Nyekundu, na mwaka 1942 alikuwa Stalingrad mji ule ulipopiganiwa nyumba kwa nyumba. Mama yake aliuawa na Wajerumani mjini Berdichev mwaka 1941, pamoja na maelfu ya Wayahudi wenzake. Hakuna, basi, aliyeweza kumwambia kwamba havijui vita.

Hata hivyo, alipoupeleka mswada wa riwaya yake ya kwanza juu ya Stalingrad kwa jarida la Novy Mir mwaka 1949, ilimchukua miaka mitatu kuiona imechapwa. Kila mkubwa aliyeusoma alikuwa na lake. Jina lenyewe, Stalingrad, lilibadilishwa. Mhusika mmoja mkubwa, mwanafizikia Myahudi, alitakiwa aondolewe. Grossman akakataa, lakini akakubali kumwekea juu yake mwalimu wa Kirusi ili wakubwa waridhike. Siku zote hizo aliweka daftari: leo mswada uko kwa nani, kasema nini, kaahidi lini. Ningependa kila mwenye mswada aige daftari hilo, maana mhariri husahau ahadi upesi kuliko mdeni. Riwaya ilitoka mwaka 1952. Februari 1953 gazeti la Pravda likaishambulia vikali. Machi, Stalin akafa. Na mwaka 1954 shirika la uchapishaji la jeshi likaitoa kwa umbo la kitabu.

Riwaya ya pili kwa Kiswahili tungeweza kuiita Maisha na Majaliwa. Humo aliziweka kambi za Wajerumani kando ya kambi za nchi yake mwenyewe, akamwacha msomaji aone zinavyofanana. Aliipeleka kwa jarida la Znamya mwaka 1960, ikakataliwa. Februari 1961 maofisa wa usalama walifika nyumbani kwake, wakachukua mswada, nakala, karatasi za kaboni, hata tepe za mashine ya kupigia chapa. Nakala zilizokuwa katika ofisi za majarida nazo zikachukuliwa. Mwandishi hakukamatwa, kilichokamatwa ni kitabu.

Hapa nasema kwa uchungu, kwa kuwa nami hukaa kwenye kiti cha uhariri. Kukataa mswada ni haki ya mhariri. Wengi wetu tumekwisha kujificha nyuma ya maneno "wakati wake haujafika," na dunia haikuanguka. Lakini mswada ni amana. Mtu akileta kazi ya miaka kumi mezani kwako, wajibu wako wa kwanza ni kuhakikisha kwamba anaweza kurudi nayo nyumbani.

Grossman alimwandikia Khrushchev mwaka 1962 akikiombea kitabu chake uhuru. Hakikurudishwa. Alikufa kwa saratani mwaka 1964, akijua kwamba nakala moja imefichwa kwa rafiki yake, mshairi Semyon Lipkin, na nyingine kwa rafiki wa zamani nje ya Moscow. Katika miaka ya 1970 mswada ulipigwa picha kwa siri, kwa msaada wa mwanasayansi Sakharov, ukavushwa mpaka, na mwaka 1980 riwaya ikachapwa kwa Kirusi mjini Lausanne, Uswisi. Wasomaji wa Moscow waliisubiri hadi mwaka 1988.

Ndugu mmoja amenisimamisha mlangoni leo, ana mswada mkononi, nakala pekee, kaandika kwa kalamu, anataka anwani ya mchapishaji. Nimemwomba arudi nao nyumbani kwanza, apige nakala tatu, na moja ampe mtu ambaye hakuna atakayefikiri kumtafuta. Anwani nitampa wiki ijayo.