Kutafuta Kazi Bila Kutafutana Ugomvi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana waliomaliza masomo, Baraka)



Mnajua mambo ya ubao wa matangazo. Tangazo la kazi likibandikwa asubuhi, jioni watu wanasema: "Nafasi hiyo ina mwenyewe." Wabembe wanasema ni ya Wanyamulenge, Wanyamulenge wanasema ni ya Wabembe, Wafuliiru na Wabuyu wanasema wao hawahesabiwi kabisa, na wote wanamlaumu aliyetoka Bukavu. Upendeleo upo, sitawadanganya. Lakini mara nyingi anayelalamika ni yule ambaye dosiye yake ilifika nusu. Na lalamiko hilo likipanda milimani, linaacha kuwa la kazi, linakuwa la kabila.

Basi dosiye iwe kamili. Barua ya maombi itaje nafasi yenyewe, isiwe ile ya mwaka jana iliyobadilishwa tarehe. Weka CV, nakala ya diploma, na kadi ya ONEM, ile ofisi ya serikali inayoandikisha watafuta kazi, kwa maana matangazo mengi huidai. Usipochukuliwa, nenda ukaulize kwa heshima ulipungukiwa nini.

Ukiona ubaguzi wa kweli, andika: tarehe, nafasi, nani alisema nini. Kifungu cha 13 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila, ukoo au hata mahali anapokaa. Peleka barua hiyo kwa mkuu wa shirika na kwa mkaguzi wa kazi. Kufunga barabara kwa mawe kunamuumiza mama anayepeleka samaki sokoni, na aliyekunyima kazi hapiti hapo.

Ninyi dada zetu, nawaambia wazi. Kanuni ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 inawakataza wafanyakazi wake kutoa kazi kwa malipo ya ngono, na mashirika mengi ya misaada yana kanuni ya namna hiyo. Anayekuomba hivyo, au anayeomba pesa ili upite, hana kazi ya kukupa. Mshitakini.

Jambo la lugha. Kuanzia 2005 wengi walivuka ziwa kutoka Kigoma, wakitoka kambi za Lugufu na Nyarugusu. Waliokulia huko mara nyingi wanaandika Kiswahili kilichonyooka; waliosomea hapa wanawazidi Kifaransa. Kaeni wawili wawili, kila mmoja amsahihishie mwenzake barua. Na anayejua Kinyamulenge au Kibembe akiandike kwenye CV, asiogope. Anayeweza kuongea na mfugaji asubuhi na mkulima jioni, sisi tunamtafuta sana na hatumpati.

Tangu Marekani ilipofunga USAID mwaka 2025, nafasi zimepungua, na hata sisi wenye mikataba tunahesabu miezi. Kwa hiyo anayeweza kushona, kufundisha au kuuza ndagala asiache akisubiri tangazo.

Waliokuja na barua zao waziweke hapa mezani, tuanze kuzisoma pamoja.