Anayetazama Status Yako

Msikilizaji, kijana anayetafuta kazi pale Goba Njia Nne ataambiwa na kila mtu afungue akaunti ya LinkedIn na apige picha amevaa tai. Afungue, si vibaya. Lakini nafasi nyingi hapa Dar es Salaam, za dukani, hotelini, kwenye ofisi ndogo za Mbezi na Tegeta, hazipitii huko. Zinapitia kwa watu. "Kazini kwetu anatafutwa mtu, unamjua nani?" Anayeulizwa hivyo anayo namba yako, na kila siku anatazama status yako ya WhatsApp.

Kwa hiyo siungi mkono ushauri wa kufuta kila kitu na kujificha. Picha ya harusini iache. Kinachoponza ni maneno ya usiku wa hasira: kumnanga bosi wa zamani, kurusha vijembe kwa ndugu. Status hutoweka baada ya saa 24, ila aliyeipiga picha anabaki nayo. Wewe umemlenga bosi. Anayesoma ni mjomba aliyetaka kukuombea nafasi, naye anajiuliza: nikimpeleka huyu, kesho si ataniandika mimi?

Mahali hapohapo panaweza kukubeba. Umeshona suti, iweke. Umesomea umeme, onesha nyaya ulizofunga mwenyewe, andika ulichofanya na ulifanyia mtaa gani. Mjomba atapata cha kumwonesha mwajiri.

Linaloniuma zaidi ni haya matangazo ya "ajira za haraka" yanayozunguka kwenye magrupu. Unatuma vyeti, unatuma namba ya NIDA, kisha unaombwa hela ya fomu. Jamani, nafasi nyingi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kuomba ni bure. Namba ya NIDA haina kazi yoyote kwenye grupu la watu usiowajua.

Na hata mwajiri wa kweli ana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazikusanya kwa lengo gani. Akikwambia "nitumie vyeti vyote WhatsApp", muulize ni vya nafasi ipi, nani atavisoma, na usipochukuliwa vitapelekwa wapi. Muulize kwa heshima, kabla hujatuma.