Dawati la Muda: Watoto wa Shule za Kimataifa katika Shule za Umma Wakati wa Likizo Zao



Mada yangu inahusu ombi ambalo mwalimu mkuu anaweza kuletewa ofisini mapema mwezi Julai. Mzazi ana mtoto katika shule ya kimataifa. Shule hiyo imefunga mwaka wake mwezi Juni na haitafunguliwa hadi Agosti, ilhali shule ya msingi ya serikali iliyo jirani yake ndiyo kwanza imerudi kutoka likizo. Mzazi anaomba mtoto akae darasani humo kwa wiki chache. Shule zetu nyingi binafsi za mchepuo wa Kiingereza hazihusiki hapa, maana zinafuata mwaka wa Januari hadi Desemba kama za serikali.

Msimamo wangu nautaja mapema. Ombi hilo linastahili kukubaliwa, kwa masharti yanayomlinda mtoto ambaye dawati lile ni lake mwaka mzima. Tukilikubali kiholela tutakuwa tumeigeuza shule ya umma kuwa mahali pa kuwahifadhia watoto wenye uwezo.

Nchi ninayoichukua kuwa mfano ni Japani, ambako jambo hili lina jina lake, taiken nyugaku, yaani kuandikishwa kwa muda ili mtoto aonje maisha ya shule. Mwaka wa shule huko huanza Aprili na kuisha Machi. Mwaka wa fedha wa serikali ulipangwa kuanza Aprili tangu 1886, na shule zikaufuata. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, serikali ya Waziri Mkuu Abe Shinzo ilifikiria kuhamishia mwanzo wa masomo Septemba, kisha ikaliacha wazo hilo. Pengo kati ya kalenda yao na ya nchi nyingine likabaki. Shule nyingi za Marekani hufunga kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, na shule nyingi za umma za Japani huendelea hadi karibu tarehe 20 Julai. Hapo ndipo familia za Kijapani zinazoishi ughaibuni huwarudisha watoto kwa bibi na babu na kuomba nafasi katika shule ya mtaa.

Wanachokitafuta hakiuzwi katika shule yoyote ya kulipia. Mtoto wa Kijapani anayekulia California anaweza kuhudhuria shule ya Jumamosi ya kujifunza lugha ya wazazi wake, lakini siku moja kwa wiki haitoshi kwa mtaala unaomtaka mwanafunzi wa shule ya msingi ajue herufi za kanji 1,026 katika miaka sita. Hata angezijua zote, bado angekuwa na Kijapani cha kuzungumza na mama tu. Akiingia darasa la umma anavaa viatu vya ndani kama wenzake. Zamu yake ikifika, anavaa aproni nyeupe na kuwapakulia wengine chakula cha mchana. Anafagia na kupiga deki, kwa sababu wanafunzi wenyewe ndio wasafishaji wa madarasa yao. Kwa wiki hizo chache anasikia watoto wa rika lake wakibishana, wakitaniana na kuombana radhi.

Uamuzi wa kumpokea uko kwa bodi ya elimu ya manispaa na mwalimu mkuu, kwa hiyo masharti hutofautiana kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ada hakuna. Mara nyingi mzazi hulipia chakula na vifaa vya kujifunzia. Baadhi ya manispaa hutaka familia ijiandikishe kuwa wakazi, na baadhi humtaka mzazi aahidi kwa maandishi kubeba gharama mtoto akiumia. Darasa hupangwa kwa umri, hata kama kusoma kwake kuko nyuma.

Kuna jambo moja katika utaratibu huo ambalo naomba tulitazame kwa makini. Hesabu rasmi ya wanafunzi nchini Japani huchukuliwa tarehe 1 Mei. Mtoto anayekuja Juni hamo katika hesabu hiyo, na idadi ya walimu haiongezwi kwa ajili yake. Kazi ya kumwelekeza, kumtafutia mwenzi wa kukaa naye na kumfasiria anachokikosa inamwangukia mwalimu wa darasa. Mwalimu huyo hulipwa vilevile, mgeni awepo au asiwepo.

Ugumu unazidi kwa familia za Kijapani zinazoishi Tokyo na kusomesha watoto katika shule za kimataifa za hapo hapo. Nyingi ya shule hizo hazimo katika orodha ya Kifungu cha 1 cha Sheria ya Elimu ya Shule ya 1947, na serikali huchukulia kwamba mzazi raia anayempeleka mtoto huko hajatimiza wajibu wake wa elimu ya lazima. Mzazi huyo anapoomba nafasi ya wiki sita katika shule aliyoikwepa, naielewa bodi inayosita. Hata hivyo mtoto hakuchagua shule yake, na sioni haki ya kumwadhibu kwa uamuzi wa baba yake.

Sasa nirudi nyumbani. Mtoto wa Kitanzania anayesoma shule ya kimataifa anasoma kwa Kiingereza, na mara nyingi wazazi wake nao wanazungumza naye Kiingereza mezani. Kiswahili anakipata kwa dada wa kazi, kwa dereva na kwa mlinzi wa getini. Hao ni watu wazima walioajiriwa kumhudumia. Anajifunza Kiswahili cha kuagiza: leta, fungua, nipe. Hajajifunza cha kuomba zamu, cha kukubali kushindwa kwenye mdako, wala cha kumwambia mwenzake “samahani, nilikuponza kwa mwalimu.” Shikamoo anaitoa kwa wageni wa baba na kuwanyima wanaompikia. Hili linaniuma, kwa sababu wengi wa watoto hawa ndio tutakaowakuta kesho katika benki, wizara na hospitali, wakiamua mambo ya watu ambao hawajawahi kukaa nao sawa.

Darasa la umma linaweza kurekebisha sehemu ya hilo. Pale mtoto yuko kati ya walio sawa naye. Atasimama mstarini asubuhi, atabeba ufagio na kidumu cha maji, ataokota taka na kundi lake huku mwalimu wa zamu akiwatazama. Ndiyo maana nasema tumpokee.

Lakini tunampokea wapi? Kiwango chetu ni wanafunzi 45 kwa darasa, nanyi walimu wakuu na maofisa elimu mliomo humu mnajua ni shule ngapi za mjini zinazokiona kiwango hicho kwenye karatasi tu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ruzuku ya shule ya msingi imepangwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mgeni wa Julai haongezi hata senti katika fungu hilo. Basi sharti la kwanza liwe kwamba mkondo ambao madawati yake hayawatoshi watoto haumpokei mgeni. Mtoto mmoja asiinuliwe akakae sakafuni ili mwingine aonje maisha.

Sharti la pili ni la fedha, na hapa nawasihi mwe wakali. Mzazi mwenye uwezo atataka kushukuru, pengine kabla ya mtoto kuingia. Atajitolea kukarabati choo, kununua madawati, au atamwachia mwalimu bahasha. Bahasha ikataliwe palepale. Mchango wa shule upitie kamati ya shule na ukatiwe risiti, tena upokewe baada ya mtoto kumaliza muda wake, ili usiwe bei ya nafasi. Chakula, daftari na kalamu ni juu ya mzazi tangu siku ya kwanza.

Walimu nao wana kishawishi chao. Mgeni anayezungumza Kiingereza fasaha ni rahisi kumsimamisha mbele ya darasa awasomee wenzake. Tusifanye hivyo. Amekuja kwa ajili ya Kiswahili, na wenyeji wake hawastahili kufundishwa kwamba mgeni ndiye kipimo cha akili.

Lipo pia suala la fimbo, ambalo wazazi hawa watalitaja kwa sauti ya chini. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mzazi ataomba mwanawe asiguswe. Ukimkubalia, utamweleza nini mtoto wa dawati la pili aliyefanya kosa lilelile? Rai yangu ni kwamba shule inayompokea mgeni iweke fimbo chini kwa wote, na isiiokote tena mgeni akishaondoka.

Katika utekelezaji, ombi liandikwe na kupitia kwa ofisa elimu kata kabla shule hazijafungwa Juni, muda wa kukaa utajwe, na jina la mgeni liwe katika daftari lake pekee, nje ya rejista na nje ya mfumo wa PREM wa kumbukumbu za wanafunzi, ili takwimu zetu zisichafuke. Mwalimu wa darasa aulizwe kwanza, na jibu lake la hapana liheshimiwe.

Pendekezo langu la mwisho nalipeleka kwa shule za kimataifa zenyewe. Shule zetu hufunga Juni mapema, wakati zao bado zinaendelea hadi katikati ya mwezi. Katika siku hizo maktaba zao, maabara na mabwawa ya kuogelea yako wazi. Shule ya umma itakayotoa madawati matano Julai ipewe nafasi tano Juni, kwa watoto watakaochaguliwa na walimu wao, na usafiri ulipwe na shule mwenyeji. Makubaliano hayo yaandikwe katika barua moja na yale ya Julai.