Tela Nalo Linataka Kutunzwa

Leo tuliache shamba kidogo, twende pale chini ya mwembe lilipoegeshwa tela la trekta. Najua trekta lenyewe unalitunza. Oili unapima, maji unatia, chujio unasafisha. Lakini tela halina injini, halipigi kelele, kwa hiyo huonekana kama haliugui. Kumbe linaliwa na kutu, tena kutoka mahali usipopatazama.

Tuanze na mzigo. Siku ukibeba mbolea ya chumvichumvi, kama SA au CAN, hakosekani mfuko uliotoboka. Punje zinazobaki kwenye pembe za tela hunyonya unyevu wa hewani, hata kama mvua hainyeshi, zikayeyuka zikawa maji ya chumvi. Maji hayo hula chuma upesi kuliko maji ya mvua, na bati lililopakwa zinki nalo halisalimiki. Basi usingoje Jumamosi. Siku ile ile lifagie tela likiwa kavu, uizoe mbolea yote (ni fedha yako hiyo), kisha ulimwagie maji mengi.

Unapoosha, usiishie ubavuni tu kwa kuwa ndiko wageni wanakoona. Ingiza maji chini, kwenye fremu na nyuma ya magurudumu. Matope yaliyoganda huko hutunza unyevu siku nyingi baada ya sehemu nyingine kukauka. Sakafuni kuna matundu ya kutolea maji. Yazibue kwa kijiti, maana hujaa matope na punje za mahindi. Na kama tela ni la kubinua, usiingie chini ya sanduku lililoinuliwa kabla ya kuweka nguzo yake ya kulizuia. Jeki ikilegea haitoi taarifa.

Sasa njoo mbele, kwenye ule mkono unaoshikana na trekta. Hapa sitaki mzaha. Osha, acha pakauke, halafu tazama kila mahali palipochomelewa. Ukiona mstari mwembamba wa kutu unachuruzika juu ya rangi nzuri, usiufunike kwa rangi. Mara nyingi hiyo ni dalili ya ufa: maji yameingia ndani, na kutu inatoka nje. Mwite fundi wa kuchomelea kabla hujabeba hata gunia moja. Tazama na pini. Ikiwa imekonda katikati, ibadili. Kipande cha nondo si pini. Wewe mwenyewe unajua kwetu tela likitoka mnadani huwa na watu juu ya magunia, ingawa si mahali pao. Likichomoka mlimani, nani atalizuia?

Haya, rangi. Kazi hii ni ya kiangazi. Palipo na kutu paga kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, pitisha msasa, futa vumbi na mafuta yote kwa kitambaa. Paka kwanza rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke sawasawa, ndipo upake rangi ya mafuta mara mbili. Ukipaka juu ya kutu utakuwa umeificha tu. Baada ya masika rangi itabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake utakuta tundu.

Wako wanaopaka oili chafu kwenye mbao za sakafu. Mimi sishauri. Tela hilo hilo kesho litabeba mahindi ya chakula, na oili ikidondokea tairi huharibu mpira. Ubao uliooza ung'oe, weka mwingine.

Tairi adui yake mwingine ni jua. Kama tela litakaa miezi bila kazi, lipandishe juu ya magogo imara ili tairi zisibebe uzito, zifunike kwa magunia makuukuu. Siku ya kulishusha pima upepo, kaza nati zote, tia grisi kwenye bearingi. Vile vioo vyekundu vya nyuma vifute vizuri, au ununue vingine kama vimevunjika, maana wakati wa mavuno utarudi usiku, na dereva wa lori anayekuja nyuma yako hana kitu kingine cha kumwonyesha kwamba upo.